Sahani za Emaye za Mukamusoni

Mukamusoni alizikwa Uvira mwezi wa nne. Mwezi wa saba wakaja kuomba sahani zake.

Aliyekuja ni Mama Déborah, mkubwa wa akina mama wa kanisa. Kila kiangazi akina mama hao huenda kupiga kambi Nyakabere, kwenye uwanda wa Ruzizi. Siku tatu wanalala chini ya maturubai, wanaomba, wanaimba, wanapika. Kwa miaka kumi na minne jiko la kambi ile lilikuwa mikononi mwa Mukamusoni, na wageni walilishwa kwenye sahani zake.

Mume wake, Sebagenzi, alikuwa ameketi mlangoni.

"Papa Muhire, jambo."

"Jambo, mama. Karibu."

"Nimekuja juu ya zile sahani. Bila zile, kambi iko kambi gani?"

Charlotte akatoka jikoni akifuta mikono. Huyu ni mke wa Muhire, mwana wa Sebagenzi. Alizaliwa Kalundu, karibu na bandari, na mdomo wake ni wa bandarini.

"Mama Déborah, acha zile. Zimebanduka rangi zote. Watu watasema nyumbani kwa Muhire hakuna sahani. Minye nitakupa zangu za plastiki, iko mpya, ziko na maua."

"Weye! Ya maua yako mwaka jana ilikunjika kama chapati mbele ya pasta wetu wa kanisa."

"Ile waliiwekea ugali wa moto!"

"Sasa ugali unaliwa wa baridi?"

Wakacheka wote wawili. Sebagenzi hakucheka, lakini alifurahi. Tangu mazishi, hakuna aliyekuwa amesema neno zuri juu ya sahani zile.

Zilikuwa sahani nane na bakuli kubwa moja, za emaye: chuma chembamba kilichopakwa rangi nyeupe inayong'aa kama ganda la yai, na ukingo wa bluu. Mukamusoni alizinunua Kalundu alipokuwa bado bibi arusi, siku aliyoshuka kutoka Rurambo na siagi kichwani. Akarudi juu milimani na sahani. Kule mlimani watu walikula kwenye vyungu na vibao. Walimcheka. Yeye akapakua chakula.

"Na mwaka huu," Mama Déborah akaendelea, "nataka kutoa ushuhuda. Nitainua moja juu, niseme: akina mama, tazameni alama hizi. Hizi zimepita vita. Risasi zililia, sahani hazikuvunjika. Na sisi Mungu atatulinda hivyohivyo."

"Hiyo ni nzuri," Charlotte akasema. "Kama iko hivyo, zipeleke."

Sebagenzi akatazama chini. Alama zile hazikuwa za vita. Aliyezitia alikuwa yeye.

Ilikuwa kiangazi, Muhire akiwa mtoto wa kunyonya. Nyasi za Rurambo zilikuwa zimekwisha, na Sebagenzi alikuwa amewateremsha ng'ombe kwenye mteremko wa chini penye chemchemi, juu ya genge, akajenga kibanda cha nyasi. Mukamusoni alifuatana naye na mtoto mgongoni na gunia la sahani kichwani. Miezi mitatu waliishi pale. Sahani zile zilifanya kila kazi ya kambi. Moja ilifunika chungu. Moja ilichota makaa ya kuwashia moto upande wa pili. Moja ilikaa juu ya mafiga yenyewe, ikikaanga mahindi, na asubuhi ukiisugua kwa jivu inarudi nyeupe. Mvua ya ghafla ikipasua kibanda, bakuli liliwekwa kichwani mwa mtoto. Mukamusoni alikuwa na sharti moja tu: sahani iliyotoka motoni usiimwagie maji baridi. "Usiishtue," alisema. Basi.

Siku moja ndama alirusha teke, akapasua icyansi, kile chombo cha mti cha kukamulia. Sebagenzi alikuwa amekwenda kutafuta ng'ombe aliyepotea. Mtoto alilia. Maziwa ya mama yalikuwa yamepungua kwa homa. Mukamusoni akachukua bakuli la emaye, akachuchumaa chini ya Bihogo, ng'ombe mkubwa kuliko wote, akakamua.

Sebagenzi alirudi akamkuta.

Kwao maziwa hayaingii kwenye chuma. Babu yake hakukubali, baba yake hakukubali. Ng'ombe ambaye maziwa yake yamegusa chuma, walisema, chuchu zinapasuka, kiwele kinakauka, na balaa linapita kundi zima. Naye hakuwa na mali nyingine duniani ila kundi lile.

"Umeniua," akamwambia mkewe.

"Mtoto alikuwa na njaa."

"Umeua ng'ombe!"

"Baba Muhire, Bihogo huyo hapo. Anatafuna."

Neno lile lilimchoma kuliko tusi. Akanyakua bakuli, akamwaga maziwa, akalitia kwenye gunia pamoja na sahani zote. Akaenda ukingoni mwa genge, akalirusha gunia. Likapasukia kwenye jiwe la kwanza. Sahani zikatawanyika, zikaruka mwamba kwa mwamba, zikalia mpaka chini kabisa kwenye kijito. Ng'ombe wakainua vichwa.

Mukamusoni hakulia. Alimfunga mtoto mgongoni, akashuka. Njia ya kushuka kule ni ya mbuzi. Jua lilikuwa utosini aliposhuka, na lilikuwa limeinama alipopanda, nguo imechanika gotini, kanga imefungwa kama mtumba, vyombo ndani. Akavipanga vyombo juu ya nyasi kimoja kimoja. Tisa. Rangi ilikuwa imebanduka huku na huku, chuma cheusi kikionekana. Sahani moja ilipinda ukingo. Hakuna iliyotoboka. Hakuna iliyovunjika.

Akapaka siagi palipobanduka, ili kutu isiingie. Kisha akapika, akampakulia mumewe kwenye ile iliyopinda.

"Kula," akasema. "Hazijakukasirikia."

Akala. Akangoja Bihogo akauke. Siku ya kwanza akangoja, ya pili, wiki. Bihogo akatoa maziwa vilevile, tena mengi. Sebagenzi aliona. Hakusema kitu. Mkewe naye hakumkumbusha, siku ile wala siku nyingine yoyote ya ndoa yao.

Vita vilikuja miaka mingi baadaye. Ng'ombe waliisha, nyumba iliungua, wakateremka Uvira. Sahani zilikuja kichwani mwa Mukamusoni kama zamani. Watu wa mtaani walipoziona wakasema: masikini, vita. Waliomuuliza, aliwajibu, "Zilianguka njiani." Kisha akamtazama mumewe kidogo, akageuka. Alimfunika hivyo miaka yote. Hata Muhire hajui.

Sasa Mama Déborah alitaka kuinua sahani mbele ya watu na kusema uongo bila kujua. Na uongo ule ungemfunika Sebagenzi milele. Lakini ungemfunika na Mukamusoni pia. Nani angejua kwamba aliteremka genge lile na homa, na mtoto mgongoni? Ni yeye tu aliyebaki wa kusema. Magoti yake yalimwambia kwamba siku zenyewe si nyingi.

"Nitazipeleka mwenyewe," akasema.

Charlotte akashtuka. "Papa, na magoti hayo?"

"Kuna pikipiki."

Akaenda Nyakabere, gunia mapajani, mkono mmoja umeshika dereva na mmoja umeshika sahani. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Gunia likalia njia nzima. Dereva akauliza, "Mzee, havitavunjika?" Sebagenzi akalivuta gunia karibu.

Mchana wa siku ya pili, baada ya maombi, akina mama wakaketi chini ya maturubai. Charlotte alikuwapo, akipakua maharage. Mama Déborah akasimama. Akainua sahani juu, ile iliyopinda.

"Akina mama, Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Sahani hii ni ya dada yetu Mukamusoni. Mnaona alama hizi? Hizi ni..."

"Ni mimi," Sebagenzi akasema.

Alikuwa amesimama nyuma, karibu na moshi. Wanaume hawasemi kwenye kambi ya akina mama. Wote wakageuka.

"Si vita. Ni mimi niliyezitupa gengeni, chini ya Rurambo. Mke wangu alikamua maziwa kwenye bakuli, mtoto asife njaa. Nikaona ameharibu kundi. Nikazitupa zote. Akashuka akaziokota zote. Alikuwa na homa. Miaka yote mlisema ni vita, naye akawaacha mseme, ili mimi nisionekane mbaya."

Maturubai yalipigwa na upepo. Mama Déborah aliishikilia ile sahani juu, hajui aishushe au aiache.

Mama mmoja mzee kutoka Rurambo, anaitwa Uwacu, akauliza kwa sauti ya kukaripia, "Na ng'ombe? Alikauka?"

"Alizaa mara nne tena."

"Ehe!" Uwacu akapiga mapaja. "Na sisi chombo cha mti kikipasuka tulikunywa maji tu, sufuria ziko ndani, tunaogopa babu zenu!"

Kicheko kikaanza kwa wazee, kikapita kwa vijana, mpaka kule kwenye masufuria. Si cha dharau. Mama Déborah akaiinua sahani juu zaidi. "Basi ushuhuda ndio huo," akasema. "Aliteremka, akaziokota. Bwana asifiwe."

"Amina!"

Walipiga vigelegele kwa Mukamusoni, kama vya arusi. Sebagenzi akasimama wima kadiri magoti yalivyoruhusu. Alitaka kila mtu amwone kwamba yule alikuwa mke wake.

Charlotte akaja, uso umelowa kwa moshi au kwa kitu kingine. Akaishika sahani moja, akaifuta kwa kanga.

"Papa," akasema, "tukirudi nyumbani, na sisi tutakula kwenye hizi. Kila siku. Lakini watoto wangu wanatupatupa vitu, naogopa watazivunja."

"Wazitumie," Sebagenzi akasema. "Hazivunjiki. Mimi nilishajaribu."