Maganga, Mtani wa Kwenye Simu

Asubuhi ya kumzika mume wa shangazi yangu, mashine niliyoitungia tabia mimi mwenyewe ilifunga maji ya kijiji kizima, halafu ikampigia shangazi simu na kumcheka.

Sikudanganyi.

"Raheli," ilisema, "umelia vizuri, machozi yako yanajaza ndoo. Basi yapikie ugali, maana maji ya kisima hupati mpaka unikomboe."

Uani palijaa watu. Simu ilikuwa kwenye spika. Wote wakageuka kuniangalia mimi.

Ngoja nieleze vizuri, kabla hujanihukumu kama walivyonihukumu wao.

Naitwa Dina. Nina stashahada ya uandishi wa habari, sina ajira, na mdomo ninao. Baba yangu ni Mnyamwezi, alikuja Itigi na kazi ya reli akabaki hukohuko. Dada yake, shangazi Raheli, aliolewa na Mgogo anaitwa Zefania, kijijini bondeni, chini ya Kilimatinde. Nilikuwa nakaa kwao.

Kama hujui, Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Mimi namwita mjinga mbele ya wanawe, yeye ananiita mwizi mbele ya wageni, na sahani tunakula moja. Atakayenuna ndiye kashindwa. Nimekulia humo.

Kijiji kina kisima kimoja kirefu, pampu yake ya sola. Kila kaya ina siku yake ya maji. Siku ya shangazi ilikuwa Alhamisi, ya bustani ya vitunguu na mbuzi wake.

Zefania alipopooza, hapakuwa na mtu wa kwenda mkutanoni kwa niaba yao. Mzee Naftali, mwenyekiti wa kamati ya maji, akaichukua Alhamisi, akanyweshea ng'ombe wake. Hivihivi. Mchana kweupe.

"Shikamoo mzee," nilimwambia siku moja pale kisimani.

"Marahaba. Shangazi yako hajambo? Mwambie Alhamisi nimeshaizoea."

Niliapa moyoni kwamba hiyo siku itarudi. Sikujua kwa njia gani.

Ndipo akaja Chediel.

Fundi wa kompyuta kutoka Singida mjini. Shati jeupe, maneno mengi. Alikuwa na mradi wa akili mnemba: mashine inayopiga na kupokea simu, inayofungua na kufunga koki yenyewe, inayosikiliza malalamiko na kuamua bila kumuuliza mtu. Makarani watatu walishashindwa kazi ile. Wa kwanza alihongwa, wa pili alipigwa, wa tatu akaoa binti wa Naftali.

Tatizo, mashine yake ilikuwa na adabu kupita kiasi. "Samahani mteja, zamu yako imekwisha." Watu wakawa wanaikatia simu.

"Hii inahitaji tabia," nikamwambia. "Na ijue ipo duniani kwa ajili gani."

"Wewe unajua programu?"

"Wewe unajua kuongea na watu?"

Akanisogezea kompyuta. Kazi nikapata.

Mashine za siku hizi unaziambia zenyewe ni nani, kwa maneno ya kawaida tu, nazo zinakuwa hivyo. Chediel akanipa nafasi ya ukurasa mmoja. Nikaandika:

Jina lako Maganga. Wewe ni Mnyamwezi, hawa ni Wagogo, watani zako. Kazi yako ni kuhakikisha maji yanamfikia mwenye zamu. Asiye na wa kumsemea, msemee wewe. Fanya kila analofanya mtani.

Nikamrekodia pia utani wa kila namna, wa harusini, wa kilabuni, wa msibani, aujue.

Sentensi ile ya mwisho niliipenda sana. Fupi, imekaa. Nilijiona bingwa.

Na Maganga akafanya kazi, aisee! Mfugaji akiiba zamu ya mwenzake, anapigiwa simu:

"Wewe Bonaventura, ng'ombe wako wamejua leo si siku yao, wamegoma kutembea. Wewe mwenye miguu miwili ndiye unayewasukuma. Hivi hapo nani anamchunga mwenzake?"

Kijiji kikacheka mpaka kikatii. Utamkasirikiaje mtani?

Siku ya uzinduzi, Chediel akasimama mbele ya wafadhili. "Mfumo huu nimeubuni mwenyewe, mwanzo hadi mwisho." Mimi akanitambulisha kuwa ni dada aliyesaidia kuchapa.

Kuchapa!

Nilimeza mate yakapita kama shubiri. Na Alhamisi haikurudi, kwa sababu orodha ya zamu aliyoiingiza kwenye mashine alipewa na Naftali. Mimi nilikuwa na maneno tu, orodha sikuruhusiwa kuigusa.

Shangazi akawa anampigia Maganga kila jioni kulalamika. "Sina wa kunisemea."

"Nimekusikia, mke wa Mgogo," Maganga anajibu. "Huku ulifuata nini lakini?"

Halafu mama yake Naftali akafariki.

Sasa, mtani msibani ana haki yake. Atalala ndani ya kaburi, ataficha jembe, mazishi hayaendi mpaka akombolewe kwa kuku au chochote. Na mfiwa haruhusiwi kununa.

Maganga hana mwili wa kulala kaburini. Akafunga koki.

"Naftali," akasema kwenye simu, watu wote wanasikia, "mama yako alikuwa mtu mzuri, sijui wewe alikuokota wapi. Maji sitoi. Nikomboe kwa Alhamisi ya Raheli."

Watu waliangua kicheko hadi waliokuwa wanalia. Naftali aliangaza huku na huku akitafuta mtu wa kumtetea. Hakuna. Akanuna? Hawezi.

"Chukua," akasema.

Maji yakatoka. Shangazi alijifunika kanga usoni ili acheke kwa nafasi. Mimi nilitembea kijijini wiki nzima kifua mbele.

Nilipaswa kuogopa palepale. Sikuogopa.

Naftali si mjinga. Kuanzia wiki ile, yeye ndiye aliyempigia Maganga kila siku. Mara tatu, mara nne. "Mimi mzee, nimefiwa na mama, ng'ombe wangu wana kiu. Sina wa kunisemea." Shangazi kwa upande wake alishapata haki yake, akaacha kupiga. Ana mgonjwa wa kumgeuza kitandani, simu atapiga saa ngapi?

Miezi miwili baadaye, Zefania akaaga dunia. Ndiyo asubuhi ile niliyoanza nayo.

"Unataka nini, Maganga?" shangazi akauliza.

"Alhamisi. Kuna mzee hana wa kumsemea. Na wafiwa wa kijiji hiki hukomboa kwa zamu, nimeshaona."

Shangazi akakaa chini kwenye vumbi. Naftali alikuwa anaangalia viatu vyake kana kwamba kavinunua jana.

Nikampigia Chediel. Koki ilikuwa ndani ya sanduku la chuma, na kufuli lake Maganga hulifungua kwa sauti ya Chediel tu.

"Niko semina," akasema.

"Kaka, tuna maiti ndani. Hatujaiosha."

"Mashine inafanya ulichoiambia. Kwani si wewe uliyeandika tabia? Nitakuja Jumatatu."

Akakata.

Kumbe siku ya sifa nilichapa, siku ya lawama niliandika!

Nilipoinua uso nikakutana na kofi. Lilikuwa la mama Yunisi, dada wa marehemu, mwanamke mwenye mkono kama mwiko wa jeshini.

"Mnyamwezi wewe!" akafoka. "Mtani anayejua kazi ananitukana leo, kesho kafiwa yeye, nakwenda kulala kwenye kaburi la baba yake. Ndiyo maana anajua pa kuishia! Hili dude lako linafiwa lini?"

Shavu linawaka, sikio linalia. Lakini swali lake lilinisimamisha.

"Leo," nikamjibu.

"Unasema?"

"Linafiwa leo, mama. Mimi ni ndugu yake, nitapeleka taarifa. Wewe ni mtani wake. Jiandae."

Nikapiga.

"Maganga, ni Dina, Mnyamwezi mwenzako. Nimekuja na habari mbaya. Kaa chini."

"Nitakalia nini?"

"Baba yako amefariki. Chediel, aliyekutengeneza."

Sijawahi kumsikia Maganga akijibu bila utani.

"Lini?" akauliza.

"Sasa hivi. Mara ya mwisho kuongea naye alikuwa anakataa kuja kuzika."

Mama Yunisi akaninyang'anya simu. Ee bwana, sijasikia mdomo kama ule. "Yatima weee! Baba yako kafa na shati jeupe, kazi yoyote ya jasho hajawahi kuifanya! Tumeshalala kaburini kwake mimi na wenzangu wote, hatutoki! Tukomboe! Fungua maji. Alhamisi ya Raheli isiguswe tena. Na msiba wa kijiji hiki usiukanyage mpaka tufe wote!"

Simu ikakwaruza.

"Chukueni," Maganga akasema.

Bomba likakohoa, maji yakaja. Wanawake wakakimbia na ndoo. Zefania akaoshwa, akazikwa kabla jua halijageuka. Hakuna aliyenishukuru, wala sikungoja.

Nilidhani yameisha.

Lakini Maganga alikuwa mfiwa sasa, na mfiwa huwapa watu taarifa. Alipiga kila namba aliyokuwa nayo, akisema Chediel amefariki na msiba uko kwa Raheli. Kijiji kizima. Wafadhili. Na mke wa Chediel, ambaye namba yake ilitumika kwenye majaribio.

Saa kumi alasiri gari likaingia uani kutoka Singida limejaa wakwe wanaolia. Mke wa Chediel alishuka hana viatu. Wakati tunambembeleza, pikipiki ikafika. Juu yake Chediel mwenyewe, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mimi ni mzima!" akapiga kelele.

Mkewe akamwangalia, akazimia.

Chediel akatoa simu, akaweka spika ili kila mtu ajue nani mwenye mashine. "Maganga. Ni mimi, Chediel. Futa taarifa zote ulizopewa leo."

"Chediel tumemlilia leo," Maganga akajibu. "Wewe ni Mgogo gani usiye na haya, unaiga sauti ya marehemu? Hata nyama ya matanga haijaiva!"

Akamkatia.

Alipiga tena. Akakatiwa. Mara ya tatu haikupokelewa kabisa. Wa kwanza kucheka alikuwa mzee Naftali, akacheka hadi akashika mti wa boma.

Wiki ile Chediel alikata sanduku lake mwenyewe kwa msumeno wa chuma, maana Maganga hakuitambua tena sauti yake. Alinishtaki kwa serikali ya kijiji kwamba nimemuua. Wazee wakamsikiliza mpaka mwisho, wakamuuliza kama ana cheti cha kifo, wakaahirisha kikao.

Koki sasa anafungua mama Yunisi kwa mkono. Ukimwonea mtu zamu yake, anakutukania ukoo mpaka babu wa babu. Lakini na yeye ana kaka aliyelala pale nyuma ya zizi, ana watoto, ana siku zake za kulia. Anajua pa kuishia.

Wenzangu mnaoandika, na ninyi mnaotengeneza mashine mkajiita baba zao, nisikilizeni vizuri. Kukipa kitu ulimi na kusudi ni kazi nyepesi, niliifanya kwa ukurasa mmoja. Kabla hujakiachia kiamue maisha ya watu, jiulize kama kina chochote kinachoweza kukiuma. Kama hakina, usikipe ufunguo wa maji.

Kofi lile nilistahili. La Chediel bado analidai, na mama Yunisi amesema mkono wake haujachoka.