Mtambo wa Kugawa Mazishi

Mwongeli hanunui kitu kwa mtu anayetabasamu kabla ya kuulizwa bei. Ndiyo maana Jeremy alipofika mtaani Soweto West na kimtambo chake kwapani, hakupewa hata stuli.

Mwongeli huuza intaneti. Laini moja inaingia kibandani mwake, kisha nyaya zinapita juu ya mabati hadi vyumba vya wapangaji wa ploti. Wiki hiyo roho yake ilikuwa juu. Jumamosi mama wa mteja wake, fundi viatu Naftaly, angezikwa Siaya, na Naftaly, aliyeshindwa na nauli, angemzika kwa kutazama kwenye simu, pamoja na ploti nzima ya watu wa kwao. Mazishi yaliyopita picha iliganda jeneza likiteremshwa, na wateja wakahamia kwa mshindani wake wakiwa bado na machozi.

"Mathe, saa hii kila simu inajivutia mazishi yake," Jeremy alisema. "Laini inabeba kitu kilekile mara thelathini. Hii inavuta mara moja, inagawia wote. Kama adhana ya msikiti wa Makina: wasikilizaji wakiongezeka, mwadhini haongezi sauti."

"Na filamu je?"

"Kila kitu, mathe. Kila kitu!"

Hapo Mwongeli akanusa jambo. Kesho yake alikwenda Kabiro, Kawangware, kimyakimya, akamtafuta mteja wa Jeremy, Phanice muuza mitumba.

"Ibada ya Jumapili haikwami," Phanice alimwambia. "Lakini filamu? Wacha tu! Inazunguka mpaka nashikwa na usingizi."

Mwongeli akamwita Jeremy. "Umenidanganya."

Jeremy akajikuna kisogo. "Kidogo tu. Filamu kila mtu anaanza yake, saa yake. Hapo hakuna cha kugawa."

"Basi nakodi Jumamosi peke yake."

"Ai! Mimi hukodisha kwa mwaka."

"Kwani hapa tunazika kila siku?"

Jumamosi Mwongeli hakutazama jeneza. Alitazama mikono ya Jeremy, asije akachomeka kitu kingine ambacho hawakupatana. Ghafla kilio kikapanda ploti nzima kwa mpigo mmoja, vyumba vyote pamoja.

Baadaye Naftaly alipita, macho mekundu. "Nimemwona mpaka mchanga wa mwisho."

"Pole sana, Naftaly." Kisha akamgeukia Jeremy. "Chomoa. Watu wanarudi kwa filamu zao. Tukifiwa tena nitakupigia."