Bunduki ya marehemu, baridi ya Julai na msumeno wangu: nilivyojifunza kupima shotgun Kitengela

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Juzi kuna mwanachama aliuliza hapa anunue shotgun gani ya kupiga sahani wikendi. Majibu yote yalikuwa majina ya makampuni. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza ana urefu gani, shingo yake ikoje, au anaona na jicho gani. Nikaona nisinyamaze.

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Pale nilipokosea nitasema nilikosea. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nianze na safari.

Mimi ni mtu wa Vihiga. Nilimaliza form four na tangu hapo sijawahi kukaa mahali nikatulia. Miaka ya tisini nilikuwa Illasit, karibu na Loitokitok, namwagilia vitunguu kwa mashamba ya watu. Mwaka ule wa mvua ya El Nino nikachoka na tope, nikapanda juu ya lori la vitunguu lililokuwa linaenda Nairobi.

Safari ya siku moja ilichukua siku nne.

Kabla ya Emali barabara ilikuwa imekatika. Tulilala juu ya magunia tukingoja maji yapungue, tukichoma vitunguu kwa kuni mbichi na kula hivyo hivyo bila chumvi. Hadi leo nikinusa kitunguu kinaungua, nasikia baridi kwa miguu.

Mwishowe dereva akageuza, akazungukia Namanga, na tulipofika Kitengela nusu ya mzigo ilikuwa imeota majani. Dereva akasema hawezi kuingia Nairobi na aibu hiyo. Akashusha kila kitu kando ya barabara, akauza kwa bei ya kutupa.

Mmoja wa walionunua alikuwa Mzee Githinji, injinia mstaafu mwenye shamba upande wa Isinya. Nikimpakilia magunia, akaniangalia mikono, akauliza, "Kijana, unaweza kuvuta spring kutoka asubuhi mpaka saa kumi?"

Nikasema naweza. Sikujua ni spring ya nini.

Kumbe Mzee alikuwa ametenga ekari kadhaa za shamba lake kwa watu wa kupiga sahani. Kwa wasiojua: ni visahani vya udongo, rangi ya machungwa, ukubwa wa kisosi. Vinarushwa hewani na mashine ya spring, na mpigaji anajaribu kuvivunja kabla havijaanguka. Kazi yangu ilikuwa kuvuta ile spring, kuweka sahani, na kuachilia nikisikia sauti.

Kwingine mpigaji anaita "Pull!" Kwa Mzee Githinji watu waliita "Leta!" Hiyo ilianzishwa na Saitoti, Mmaasai wa pale jirani aliyekuwa akiokota sahani ambazo hazijavunjika. Alisema hawezi kuamka asubuhi asikie wazee wazima wakilia puu, puu.

Sasa, kuhusu vifaa. Mwaka wa kwanza sikugusa bunduki, lakini nilijifunza kwa macho.

Niliona watu wa Karen wakija na bunduki za bei ya gari na hawavunji kitu. Niliona mwalimu mmoja wa Nkoroi na over and under, ile ya mitutu miwili iliyopandana, ya mkono wa tatu, akivunja ishirini kati ya ishirini na tano kila Jumamosi. Tofauti ilikuwa moja. Ya mwalimu ilikuwa ikipanda begani na kutulia yenyewe, shavu linakaa juu ya kitako bila kutafuta. Wale wengine walikuwa wakiinamisha shingo kuifuata bunduki, kama mtu anachungulia dirishani.

Nilijifunza pia kwamba katriji nzito hazimsaidii mgeni. Zinampiga teke tu, halafu anaanza kufumba macho kabla ya kuvuta triga. Na masikio, wakuu. Mimi nilikuwa naziba na pamba. Sikio langu la kulia linapiga mluzi mpaka leo. Nunua zile za kufunika masikio kabla hujanunua kitu kingine. Miwani pia, kwa sababu vipande vya sahani vinarudi chini na havichagui mtu.

Miaka ikaenda. Mzee akanifundisha kusafisha bunduki, kukagua kama iko tupu kabla ya kuishika kwa njia yoyote ile, kubadilisha mpira wa nyuma ya kitako. Wateja wakaanza kuniita fundi. Hapo ndipo kichwa changu kikafura.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili akaja Mama Nekesa.

Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mfamasia, mjane, anakaa Gataka kule Rongai. Mfupi, shingo fupi, mabega ya mtu aliyelima utotoni. Alikuwa na shotgun ya twelve bore ya marehemu mume wake, na mume huyo, kwa kuangalia hiyo bunduki, alikuwa mrefu kama mlingoti.

Aliposikia natoka Vihiga akasema, "Kumbe ni omwana wefwe, mtoto wa kwetu! Basi nitakuambia ukweli, usiwaambie hawa wengine."

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Baada ya mazishi, shemeji yake, Bwana Wanjala, alisema mbele ya familia kwamba bunduki si pambo la kuweka kwa kabati. Yeye alikuwa na leseni na alikuwa mpigaji. Mama akamjibu kwamba hata yeye atapiga. Watu wakacheka. Wanjala akamwekea sharti: mpaka Disemba awe anaweza kuvunja sahani kumi na tano kati ya ishirini na tano akitumia hiyo bunduki. Akishindwa, aipitishe kwake. Mama akakubali pale pale.

Kupata leseni yake mwenyewe ilimchukua miezi, ofisi moja hadi nyingine. Alipofika kwetu ilikuwa tayari Julai.

Siku ya kwanza alivunja mbili. Alipomaliza shavu lilikuwa limevimba na alikuwa akishika bega kama mtu aliyegongwa na ng'ombe.

Nikamwambia, "Mama, si wewe. Ni hii bunduki. Kitako ni kirefu sana kwako."

"Basi kikate."

"Ni ya marehemu. Una uhakika?"

"Marehemu hapigi. Kata."

Wakuu, someni hapa polepole.

Mnajua Kitengela mwezi wa Julai. Ule upepo wa uwanda hauna kizuizi mpaka ufike kwa mfupa. Mama alikuwa amevaa sweta mbili, jaketi kubwa la marehemu na shali juu. Mimi nikampima vile nilivyoona wengine wakipima, kutoka kwa kiwiko mpaka kidole cha triga. Halafu akainua bunduki begani, nikaweka alama mahali palipoonekana pazuri, nikachukua msumeno. Mzee Githinji hakuwepo. Sikumngoja.

Ilimkaa kama imezaliwa naye. Agosti alikuwa akivunja tisa, wakati mwingine kumi na moja. Mimi nikatembea uwanjani kifua mbele.

Kisha Oktoba ikaja na jua lake. Mama akaja na blauzi.

Risasi ya kwanza, bunduki ikarudi nyuma na kidole gumba chake kikampiga puani. Damu ikamwagika kwa blauzi. Kitako kilikuwa kimekuwa kifupi sana, kwa sababu nilikuwa nimepima jaketi, sikupima mtu. Zile nguo zote za Julai zilikuwa sehemu ya kipimo changu, na sasa zilikuwa nyumbani Gataka kwa sanduku.

Siku hiyo Wanjala alikuwa amekuja kuangalia. Hakusema vibaya, alicheka tu na kutikisa kichwa. "Shemeji, hata pua imekataa."

Mzee Githinji aliangalia kitako, akaniangalia mimi. "Umekata mti wa watu ukifikiria Kitengela ina msimu mmoja?" Akaenda zake. Hajawahi kuniadhibu kwa ukali kuliko huko kuondoka kwake.

Nilitaka kuhama. Nasema ukweli, begi nilikuwa nimelifunga. Nimezoea hivyo, mahali pakiwa pagumu naangalia barabara.

Aliyenizuia ni Mama Nekesa mwenyewe. Alikuwa ameketi kwa jiwe na kitambaa puani. Akasema, "Unaangalia nini huko njiani? Ulikata wewe. Utaunganisha wewe. Mimi niko hapa Jumamosi."

Basi nikaenda kwa Saitoti. Nikamweleza nahitaji kitu kigumu, kisichopasuka, cha kuongeza nyuma ya kitako, na kiwe cha kutoka na kurudi. Kuagiza kutoka nje kungemaliza mwaka.

Saitoti akanyoosha mguu. Alikuwa amevaa akala, vile viatu vya tairi.

"Olchore, rafiki yangu, hii nimetembea nayo mpaka Namanga na kurudi. Bunduki inatembea kuliko mimi?"

Tulienda kwa fundi wa akala sokoni Kitengela. Nikamchorea umbo la kitako kwa karatasi. Akakata vipande viwili vya tairi kwa kisu chake, vimenyooka kuliko kazi yoyote niliyowahi kuona, akauliza, "Hii ni kiatu ya nani, ya mbuzi?" Nikatoboa matundu, nikanunua skrubu ndefu, nikaviweka kati ya mbao na ule mpira wa nyuma. Vipande viwili kwa siku za jua. Kimoja asubuhi ikiwa baridi kidogo. Bila kitu siku ya jaketi.

Mama alijaribu. Pua ikapona. Lakini sahani hazikuzidi zile za Agosti. Zote alizokosa, risasi zilipita upande wa kushoto.

Hapa Mzee Githinji akanionea huruma, au alimwonea Mama. Akamwambia anyooshe mikono mbele, aache kitundu kidogo kati ya viganja, aangalie tenki la maji kupitia hapo na macho yote mawili wazi. Kisha afumbe jicho la kushoto.

"Tenki limepotea!" Mama akasema.

Alikuwa anapiga kwa bega la kulia huku jicho lake lenye nguvu ni la kushoto. Maisha yake yote hakujua. Mzee akachukua kipande kidogo cha selotepu, akabandika kwa lenzi ya kushoto ya miwani ya Mama, pale tu mtutu unapopita. Hivyo jicho la kushoto likabaki na mwanga, lakini likaacha kuamuru.

Novemba nzima alikuja Jumamosi na Jumapili baada ya kanisa. Aliniambia niwe namrushia zile zinazompita kwa kasi, asizozipenda. Mikono yangu ilikuwa imechubuka kwa kuvuta spring. Tukifika kumi na mbili anasema, "Tena." Tukifika kumi na tatu, "Tena."

Disemba familia ikaja, na nyama na viti vya plastiki. Jua lilikuwa kali, kwa hivyo niliweka vipande viwili na kukaza skrubu mara tatu.

Sitaongeza chumvi. Alivunja kumi na nne.

Ya mwisho nusura iwe ya kumi na tano. Niliona vumbi likitoka kwa sahani, lakini ikaanguka nzima, na kwa sheria yetu vumbi si kipande. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, mimi ndiye niliyeulizwa. Nikasema haijavunjika.

Mama akafungua bunduki, akatoa maganda, akaiweka kwa meza mbele ya shemeji yake. "Nilisema. Chukua."

Wanjala akaivaa begani. Akashusha, akaivaa tena. Mtu wa futi sita na kitako cha Mama Nekesa. Akaita "Leta!" mara tano. Tano zote zikaenda kuanguka kwa nyasi zikiwa salama.

"Hii imeharibika," akasema.

"Haijaharibika," Mama akamjibu. "Ni vile si yako."

Nilifikiri atakasirika. Akaifungua, akaviangalia vile vipande vya tairi kwa muda, akamrudishia kwa mikono miwili. "Kaa nayo, shemeji. Kumi na nne mimi mwenyewe sijafikisha mwaka huu."

Mama hakushangilia. Alinigeukia tu. "Weka nyingine. Hiyo ya mwisho imeniudhi."

Wakuu, nilikaa pale miaka mingine michache, muda mrefu kuliko mahali popote maishani mwangu. Mama aliendelea kuja. Halafu bei ya ardhi Kitengela ikapanda, nyumba zikasogea, risasi zikawa haziwezi tena kupigwa bila kuogopesha jirani. Watoto wa Mzee wakakata shamba ploti.

Asubuhi niliyoondoka, vijana wa kupima ardhi walikuwa wakichimba mashimo ya bikoni za mipaka pale wapigaji walipokuwa wakisimama. Mmoja akanionyesha kiganja kilichojaa chembe za risasi na vipande vya sahani vya rangi ya machungwa. "Mzee, hapa kulikuwa na vita?"

Nikamwambia, "Kulikuwa na mama mmoja alikuwa anafanya mazoezi." Nikachukua begi, nikashika barabara ya Namanga. Sijawahi kurudi.

Kwa hivyo ndugu uliyeuliza: usianze na jina la kampuni. Pima jicho lako leo, hapo ulipo. Jaribu bunduki ukiwa umevaa nguo utakazopigia, za baridi na za joto. Na mtu akikwambia akukatie kitako, mwambie aanze na kile kinachoweza kurudishwa, msumeno uwe wa mwisho kabisa.

Walio na uzoefu waongeze. Na wale mnaopiga kwa bega la kulia, fanyeni lile jaribio la viganja sasa hivi mniambie: jicho lenu ni lipi?