Fundi Aliyengojwa Siku Tisa

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, Perlita Sumalinog amelala chali chini ya mashine ya kuvunia ngano. Chini ya mgongo ametandika kipande cha zulia kuukuu, kinga ya uso ameishusha. Cheche zinamwagika kwenye aproni yake ya ngozi na kuzimika zenyewe. Pembeni amesimama mwenye shamba, Dulcie Pengelly, ameshika mpira wa maji uliounganishwa na tangi lililo nyuma ya gari lake.

Leo joto linatabiriwa kufika nyuzi arobaini na moja. Upepo wa kaskazini ukishaamka, kwenye saa nne hivi, hakuna atakayeruhusiwa kuwasha hata kiberiti katika mabua haya makavu, sembuse mashine ya kuchomelea. Fremu ya mbele, ile inayobeba visu, imepasuka mahali pawili. Ufa wa kwanza umeshazibwa.

"Umekunywa chai, Perl?" Dulcie anauliza.

"Nikinywa chai, wewe huvuni," sauti inajibu kutoka chini.

"Basi usinywe."

Baada ya dakika arobaini Perlita anajivuta nje. Anagonga mshono kwa nyundo mara tatu, anasikiliza, kisha anaupitishia kidole gumba. Dulcie anainama na kuutazama kwa muda mrefu, jinsi ulivyojipanga kama magamba ya samaki.

"Si mbaya," anasema, na kupanda kwenye mashine yake.

Hapa Werrimbool, mji wa watu mia sita katika nyanda za ngano za kaskazini-magharibi mwa Victoria, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Na ni sifa hiyo hiyo iliyokaribia kumfukuza Perlita nchini.

Perlita ana miaka thelathini na saba. Alizaliwa Balamban, katika kisiwa cha Cebu, na alianza kuchomelea meli akiwa na miaka kumi na tisa, mwanamke pekee katika kikosi cha mafundi arobaini.

"Wanaume waliniambia nitaungua uso nikose mume," anasema akicheka. "Mume mwenyewe nilimpata palepale. Alikuwa anapaka rangi meli nilizozichomelea mimi."

Mume huyo, Nestor, sasa anafua na kupiga pasi katika nyumba ya wazee ya Werrimbool. Binti yao Rhealyn, mwenye miaka tisa, huzungumza kama watoto wa hapa na huwarekebisha wazazi wake matamshi mezani, jambo ambalo baba yake anadai ni kukosa adabu na mama yake anadai ni shule ya bure.

Walifika miaka mitano iliyopita. Clem Thorrold, mwenye karakana ya zana za kilimo, alikuwa ametangaza nafasi ya mchomeleaji kwa miezi kumi na minne bila kupata mwombaji hata mmoja. Alimleta Perlita kwa viza ya muda na mshahara wa dola elfu sabini na nane kwa mwaka. Siku ya kwanza Perlita alimwita bosi. Clem akamwambia bosi yuko nyumbani anapika, yeye anaitwa Clem. Perlita anamwita bosi hadi leo.

Muda ulipotimia, Clem alikubali kumdhamini kwa viza ya kazi ya mikoani, ile inayotolewa kwa fundi anayehitajika na mwajiri aliye mbali na miji mikubwa, na ambayo baada ya miaka kadhaa humfungulia mtu njia ya kuishi nchini moja kwa moja. Fomu zilidai barua ya mwajiri ikieleza kazi yenyewe. Clem aliiandika kwa mkono, na mkewe anasema ilimchukua jioni tatu.

Ilikuwa na mistari mitano. Miwili ilihusu mahali karakana ilipo. Mmoja ulisema karakana ina miaka arobaini na moja. Iliyobaki ilisema hivi: "Perlita hunisaidia kuchomelea mashine za wakulima. Si mbaya. Tungependa aendelee."

Machi mwaka jana jibu lilikuja: maombi yamekataliwa. Ofisa aliyeisoma barua hiyo aliona kilichoandikwa, kwamba mwenye karakana anachomelea na ana mtu wa kumsaidia. Msaidizi si fundi kamili, na viza hii ni ya fundi kamili. Udhamini wa Clem ulipoanguka, viza ya Perlita ilianguka nayo, na ya Nestor, na ya mtoto.

Walipewa siku ishirini na nane za kukata rufaa. Wakishindwa huko, wangekuwa na siku thelathini na tano za kufungasha.

"Nilimpa bosi ile karatasi," Perlita anakumbuka. "Akaisoma, akaenda nyuma ya karakana, akakaa huko. Aliporudi alisema Jumatatu tunakwenda kwa wakili, na kwamba ada ya rufaa ni juu yake. Halafu akaniuliza kama lile jembe la mteja wa Jumanne, nililotoka kulichomelea, limeshapoa."

Wakili, Jaspreet Gahunia, ana ofisi mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Werrimbool. Aliwaeleza kwamba baraza la rufaa hulitazama shauri upya na hupokea ushahidi mpya, kwa hiyo akaomba barua kutoka kwa wakulima. Zilikuja nane kwa wiki moja. Bado anazo.

Ya kwanza inasema kazi ya Perlita inafaa. Ya pili inasema mwandishi hajawahi kulalamika. Ya tatu, iliyoandikwa na mtu ambaye Perlita alimwokolea msimu mzima wa dengu, inasema kwamba fundi huyo hufika.

"Nilizisoma zote nikajiuliza kama huyu mama wanampenda au wanamvumilia tu," anasema wakili Gahunia. Kisha anatabasamu, kwa sababu naye ni mtoto wa huku. "Baba yangu alilima zabibu miaka thelathini. Jirani yetu hakuwahi kumwambia neno zuri kuliko 'naona umeamka.' Siku ya mazishi ya baba, huyo jirani ndiye aliyelia kutushinda sisi."

Aliwapigia simu wote nane. Aliwaambia waache kumsifu, kwani hawajui, na badala yake waandike mashine gani iliharibika, siku gani, na nini kilitokea baadaye. Akauliza pia swali moja ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: Perlita akiwa hayupo, nani huchomelea?

Hapo ndipo habari ya Novemba mwaka juzi ilipojitokeza.

Novemba ile baba yake Perlita alifariki Balamban. Perlita alipanda ndege kesho yake, mavuno yakiwa ndiyo yameanza, akazika, akakaa siku za maombi kama desturi yao inavyotaka, akarudi. Alikuwa amekaa siku kumi na moja. Siku ya pili ya safari yake, fremu ya mashine ya Dulcie ilikatika.

Shauri lilisikilizwa Oktoba mwaka huu, baada ya miezi kumi na tisa ya kusubiri. Mjumbe wa baraza alikuwa mjini Melbourne, akionekana kwenye kioo cha kompyuta. Perlita, Nestor, Clem na wakili walikaa ofisini kwa wakili. Dulcie alingoja kwenye simu, shambani kwake. Clem alikuwa amevaa tai, na Nestor anasema hilo ndilo lililomwogopesha kuliko kitu kingine.

Mjumbe alimuuliza Clem kwa upole, kwa kuwa karakana ni yake na ina jina lake, kazi ya kuchomelea inagawanywaje kati yake na Perlita.

Kisha Clem akainua mikono yote miwili mbele ya kamera na kuiacha hapo. Ilikuwa inatetemeka.

"Sijachomelea chochote kwa miaka sita," alisema. "Mji mzima wanadhani tunafanya wote. Ni yeye peke yake."

Perlita alikuwa akijua, bila shaka. Katika miaka mitano hakuwahi kumwambia mtu, hata Nestor. Wakulima wakimsifu Clem kwa mshono, kwa namna yao ya kusifu, alikuwa akiendelea kufagia.

Mjumbe akamgeukia Dulcie. Alitaka kujua kwa nini, mashine yake ilipokatika, hakuita fundi mwingine. Dulcie alieleza kwamba yuko mmoja, umbali wa kilomita mia na arobaini, naye alishawahi kumwita. Mshono wake ulidumu nusu saa. Kwa hiyo safari hii alingoja. Alingoja siku tisa. Siku ya saba mvua ilinyesha, na robo ya ngano yake ikachipua shambani ikiwa bado kwenye masuke. Aliiuza kuwa chakula cha nguruwe.

"Na kama ingetokea tena?" mjumbe aliuliza.

"Ningengoja," alisema Dulcie.

Perlita hakuwa amejua habari ya ngano hiyo. Aliporudi kutoka mazishini Dulcie alimpa pole ya baba yake, akamwonyesha palipokatika, basi. Wakili alilazimika kuomba dakika tano za mapumziko.

Kabla ya kufunga, mjumbe alimuuliza Clem kwa nini hakuyaandika haya yote katika barua ya kwanza. Clem alionekana kushangaa kwa dhati.

"Nilidhani nimemsifu," alisema.

Uamuzi ulikuja Alhamisi iliyopita, saa tatu asubuhi, siku tatu baada ya alfajiri ile ya kwa Dulcie. Perlita alikuwa na grainda ya kusagia chuma mkononi, hakusikia simu. Wakili akampigia Clem. Clem akaenda ukutani, akazima umeme wa karakana nzima, na katika ule ukimya akasema rufaa imekubaliwa.

Baraza limetengua uamuzi wa kukataa udhamini. Limeridhika kwamba kazi ipo, ni ya fundi kamili, na anayeifanya ni yeye. Maombi ya viza yanarudi idara ya uhamiaji yakakamilishwe. Vimebaki vipimo vya afya na hati ya polisi, na wakili, ambaye hapendi kuahidi, anasema haoni jiwe lililobaki njiani.

Nestor alipopata habari aliacha mashuka ya wazee yakizunguka kwenye mashine akaja mbio, bado amevaa glavu za mpira. Jioni ile alikaanga tambi za sherehe za kwao, sufuria mbili, na watu wakaanza kupita mlangoni bila kualikwa, kila mmoja akisema alikuwa anapita tu.

Clem naye amefanya alilokuwa akiliogopa kwa miaka sita. Jumamosi, kwenye duka la mbegu, amewaambia wateja wake nani hasa anawachomelea. Anasema mmoja wao alijibu kwamba alishangaa mishono ilivyopendeza ghafla.

Lakini Perlita ana lake moyoni, nalo ni zile siku tisa. Tangu Oktoba, kila Jumapili mchana, Dulcie mwenye miaka sitini na mmoja huja karakanani kujifunza kuziba ufa. Ni mwanafunzi mgumu, anakiri mwenyewe. Ana haraka, na chuma hakipendi haraka. Perlita humfanya asage mshono wote na kuanza upya, hata mara sita. Wakulima wengine wawili wameomba kujiunga baada ya mavuno, na Clem amekubali kununua mashine ya pili ya kujifunzia.

"Mama yangu ana miaka themanini na moja," anasema Perlita, akifuta mafuta mikononi. "Iko siku nitapigiwa simu tena, na nitakwenda. Nataka safari hiyo nikazike mtu wangu nikiwa na amani, na huku nyuma, mvua ikija, ikute ngano iko ghalani."