Utani wa Tanurini

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, nilikuwa nachoma matofali Itetemia na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tanuri likishawashwa haliachwi, kwa sababu moto ukipoa mapema matofali hubaki mabichi. Tulisukuma magogo ndani mchana kutwa, na jua la kabla ya mvua likituchoma mgongoni.

Kama mashemeji wote wa kwetu, hatukuongea bila utani. Saa nane hivi alisimama akaniuliza, "Shemeji, treni imeshafika Tura?"

Hatukuwa na safari wala treni ya kungoja, nami nikamjibu, "Inakusubiri wewe ukaisukume, mvivu mkubwa!"

"Basi nipe koti langu. Kuna baridi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Niliona pia kwamba shati lake limekauka, wakati langu lilikuwa limelowa chapachapa. Nikamwambia, "Leo umekuwa mwanaume, hata jasho hutoki."

Alinitazama kama mtu asiyenijua, kisha akaanguka kifudifudi juu ya magogo.

Tulimpeleka hospitali ya Kitete kwa bodaboda, nikiwa nimemkumbatia kwa nyuma. Ngozi yake ilikuwa kavu, na moto wake niliusikia kifuani mwangu njia nzima. Alikata roho kabla ya magharibi.

Daktari alisema ni joto lililomuua, akaniuliza kama marehemu alikuwa ameanza kusema maneno yasiyoeleweka. Nikasema ndiyo, kabla hajaanguka.

"Na wewe ulifanya nini?"

Mke wangu alikuwa amesimama kando yangu, naye akinitazama.

"Nilicheka," nikasema.