Picha ya Mkono Mzima

Binti yangu alianza kufinyanga bukari, ugali wetu, kwa mkono wa kushoto. Mimi ninayemshuku hata paka aliyelala nikamwuliza adabu hiyo ameitoa wapi. Akasema amezoea tu. Uongo! Nikamshika mkono wa kulia, nikaunyoosha. Kiwiko kikagoma katikati, naye akajiuma mdomo. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Alikuwa mrushaji hodari wa handiboli, na timu ya watoto ilikaribia kupanda ndege pale Luano kwenda mashindanoni. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Kwenye karatasi za kocha alikuwa na kumi na miwili. “Maman, bote banafanya vile,” kocha aliniambia, na baba wa mtoto akacheka, akakubali. Tangu hapo sikumwamini kocha huyo.

Hospitalini alitufuata bila kualikwa, nalo hilo nikalitia akilini. Daktari, kijana mpole kupita kiasi, alipiga picha ya kiwiko kinachouma, kisha akataka na cha kushoto.

“Ile ingine iko muzima,” nikasema. “Juu ya nini munaipiga picha?”

“Ni ya kulinganisha, Maman.”

Kocha akaninong’oneza, “Anatafuta miaka. Bamemutuma.” Nikaamini. Mifupa husema umri, hata mimi nilikuwa nimesikia, na timu pinzani zina ndugu kila ofisi.

Daktari akatuonyesha: kwa kurusha mno, kipande cha mfupa pamoja na gegedu lake kilikuwa kimeanza kubanduka. “Kama mutoto angali anakomaa, anapumuzika, kinaweza kujishika chenyewe. Kama mifupa imeisha kukomaa, kungoja ni kuharibu mukono.” Akaitazama tena picha ya mkono mzima. “Iko na miaka ngapi?”

“Kumi na mbili,” kocha akadakia.

Nilikuwa namwogopa daktari na kumchukia kocha kwa pamoja. Nikafungua mdomo, lakini binti yangu akanitangulia.

“Kumi na tano, Dokta. Inaniuma tangu mwaka jana.”

Kocha akatoka bila kuaga. Daktari hakuuliza nani alikata miaka. Alivuta kiti karibu na binti yangu, akaanza kumweleza upasuaji.

Timu iliondoka bila yeye, na alilia sana. Leo mkono unanyooka, karibu wote. Tukiketi kula namchungulia bado, naye anajua. Kabla hajagusa bukari hunyoosha mkono wa kulia mbele ya uso wangu.

“Ona, Maman. Haiumi.”

Nami huushika, nikaunyoosha mwenyewe.