Bi Dalenda na Mafungu ya Khniss

Bi Dalenda Chelbi alifundisha jiografia miaka thelathini na moja mjini Monastir. Aliwachorea watoto wa watu ghuba na rasi za dunia nzima, ilhali yeye mwenyewe hajawahi kulowa kupita magoti. Alipostaafu alinunua mashua kuukuu ya tanga, injini imekufa, akahamia humo, gati la tatu la marina.

Dada yake Wassila alipoiona alishika kiuno. "Ndugu yangu, umehamia kwenye kopo la dagaa!"

"Dagaa walau wanaijua bahari," akajibu, akateleka chai.

Mashua haikutoka gatini. Aliyetoka ni yeye, kila asubuhi, kwa kiboti cha mpira na makasia mawili, mkate na harisa ya pilipili mfukoni, na bildi, kamba ya kupimia kina yenye kipande cha risasi nchani na fundo kila nusu mita. Alivizunguka visiwa vya karibu, akaingia mapangoni, kisha akavutiwa na mafungu ya mchanga ya kusini, upande wa Khniss, ambako maji ni mafupi na mchanga huhama kila kipupwe. Alipima, akaandika daftarini, akapima tena.

Jirani yake Taoufik, mwenye boti kubwa jeupe, hakuchoka kumtania. "Mwalimu, samaki wamefaulu mtihani?"

"Wamefaulu. Wewe bado."

Jumapili moja ya Oktoba Taoufik aliwapakia wakwe zake, akakata njia kupitia mafunguni, akakwama. Upepo ukaanza kuvuma, mawimbi yakaligongagonga boti ubavuni, mama mkwe akawa anatapika na kusali kwa zamu. Boti la bandari lilifika likasimama mbali. Nahodha wake, Ridha, aliogopa kukwama naye.

Bi Dalenda alikuwa karibu, akipima. Akapiga makasia mpaka ubavuni mwa Ridha.

"Kuna mlango wa maji hapa, kina mita mbili na nusu. Nifuate."

"Mama, ramani yangu haionyeshi kitu hapo."

"Ramani yako ya mwaka gani?"

Ridha akaikunja ramani.

"Basi nifuate polepole. Nikiinua kasia, simama."

Akatangulia, bildi ikizama na kupanda, akipinda kushoto kwenye majani meusi, kulia kwenye mchanga mweupe. Mikono ilimuuma, moyo ulitulia kama wa mtu aliye darasani kwake. Kamba ikarushwa, ikadakwa, boti la Taoufik likavutwa kinyumenyume kwa njia ileile.

Taoufik, uso umemshuka, alipiga kelele toka tezini, nyuma ya boti: "Mwalimu, nimefeli!"

"Utarudia mwaka!" akamjibu, na hata mama mkwe akacheka.

Jumatatu Ridha alikuja gatini na karatasi kubwa. Walinakili vipimo vyote mia mbili na kumi, wakachora ramani mpya, wakaibandika ofisi ya bandari, jina la Bi Dalenda chini kwa wino. Tangu hapo manahodha hupita kumuuliza kabla ya kwenda kusini, na kufikia Mei alikuwa ameshapima pwani mpaka karibu na mji wa Teboulba, kusini zaidi.